Kamera nne dukani kwangu: miezi 14 baada ya kumgusa begani mtu asiyehusika

Nina duka la rejareja na uwakala wa pesa hapa Kihonda, Morogoro. Seti ninayoielezea niliinunua Kariakoo kwa shilingi 520,000: kamera nne za megapikseli 2, mashine ya kurekodia ya njia nne, diski ya terabaiti 1, nyaya nne za mita 18 na adapta yake. Fundi alichukua 120,000. Chapa siitaji. Nilizunguka maduka manane nikakuta seti za namna hii zinafanana karibu kila kitu isipokuwa jina lililobandikwa, na yaliyonisumbua mimi yatamsumbua mwenye chapa yoyote.

Naipima kwa kipimo kimoja kuliko vyote: je, uso wa mtu unaonekana? Sababu yangu si wizi peke yake. Macho yangu yalishamweka kijana wa watu mahabusu siku 47, na hakuwa amefanya lolote.

Ilikuwa saa mbili na nusu usiku, umeme umekatika tangu magharibi. Nilikuwa nafunga hesabu kwa mwanga wa taa ya sola iliyoning'inia karibu na mlango. Wakaingia vijana wawili. Mmoja alibaki mlangoni, mwingine akaja hadi kaunta akalaza panga juu ya daftari langu la miamala. Walichukua shilingi 1,340,000 na simu mbili za kazi. Sikupiga kelele. Nilikuwa najiambia moyoni, mkariri huyu, ukariri uso wake, kesho utamtaja. Polisi niliwaambia walikaa dakika tano, na niliamini nasema kweli. Msaidizi wangu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya magunia ya mchele, anasema haikutimia hata dakika moja. Leo nikifumba macho, kinachonijia wazi kabisa ni panga lenyewe: mpini uliozungushiwa tyubu ya baiskeli, makali yenye pengo karibu na ncha. Uso ulikuwa umeipa taa kisogo. Hilo nililitambua baada ya miezi, siku niliyosimama palepale nikaiwasha taa ileile.

Siku ya sita vijana wa mtaa wakaniletea picha kwenye simu. Alikuwa dereva wa bodaboda wa kijiwe cha barabara ya pili. "Mama Nuru, mwangalie vizuri. Si huyu?" Picha moja, mtu mmoja. Nikasema anafanana. Nililala na picha ile kichwani, na kulipokucha yule mwenye panga alikuwa ameshapata uso.

Kwenye gwaride la utambulisho walipangwa watu tisa. Afande aliyelisimamia aliniambia vizuri, kwamba aliyenivamia huenda yumo na huenda hayumo, na nikimwona nimguse begani. Nilikwenda moja kwa moja kwa wa nne nikamgusa. Mkono haukutetemeka. Nilipotoka, askari mwingine akaniambia, "Hongera mama, umejikaza." Nikarudi nyumbani na uhakika mkubwa kuliko niliokuwa nao usiku wa tukio lenyewe.

Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana kwa sheria zetu, na mtu akitiwa hatiani kifungo hakipungui miaka 30. Kijana alikuwa na miaka 23.

Kilichomwokoa ni daftari kama langu. Usiku ule alikuwa msibani Ifakara, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Wakala wa kule alikuwa ameandika mstari wake kama sisi sote tunavyotakiwa kuandika: tarehe, saa 2:19 usiku, shilingi 20,000, namba ya kitambulisho, sahihi. Jina lake lilikuwemo pia kwenye daftari la rambirambi, na waombolezaji waliolala naye matanga walikuja kueleza. Kesi ikaondolewa. Tangu siku hiyo sijawahi kuruka mstari hata mmoja kwenye daftari langu, hata foleni iwe imefika barabarani.

Nilipokwenda kuomba radhi kwa mama yake, nilimkuta wakili aliyekuwa anamsaidia kijana. Hakunikaripia. Alinieleza kwamba mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine, na mahakama isiutegemee mpaka iwe imefunga kila mlango wa makosa. Jaji atauliza: ulimwona kwa muda gani? Ulikuwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Ulikuwa umemwona kabla ya hapo? Nikajibu maswali yale pale sebuleni, moja baada ya jingine, na kila jibu lilinishusha. La picha ya simu ndilo lililomfanya atikise kichwa. Kanuni za gwaride zimewekwa katika mahakama za Afrika Mashariki tangu kesi ya Mwango mwaka 1936, na mojawapo ni kwamba shahidi asimwone mtuhumiwa kabla ya kuingia. Watu wanane wengine walikuwa wamepangwa, wa rika lake na kimo chake, kila kitu kwa utaratibu. Lakini kati ya sura tisa ni moja tu niliyokuwa nimeiona kabla, nami niliiona kwenye simu ya jirani, si kwenye duka langu.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata juu ya jambo hili. Habari iliyonikaa ni ya Jennifer Thompson wa Burlington, North Carolina, huko Marekani. Alikuwa mwanafunzi wa miaka 22 mtu alipomvamia chumbani kwake usiku mwaka 1984 akambaka. Wakati wote ule alijilazimisha kuusoma uso wa mtu yule ili, akipona, asije akamkosea. Polisi wakampa picha, akachagua ya Ronald Cotton. Baadaye wakapanga watu, na Cotton ndiye pekee aliyekuwa kwenye picha na kwenye mstari pia. Akamchagua tena. Cotton akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1987 kesi iliposikilizwa upya, mtu anayeitwa Bobby Poole aliletwa mahakamani mbele ya macho yake, na Jennifer akasema hajawahi kumwona maishani. Mwaka 1995 kipimo cha DNA kikaonyesha kwamba ni Poole. Cotton alikuwa ameshakaa gerezani zaidi ya miaka 10. Baadaye wawili hao walikuwa marafiki, wakawa wanazunguka pamoja kuwaeleza watu yaliyowapata.

Yule mama alikuwa na akili timamu, alikuwa na nia njema, na alijitahidi kuliko nilivyojitahidi mimi. Uso wa Cotton uliingia mahali pa uso wa Poole na haukuacha hata alama kwamba umeingia. Na hili la "Hongera mama" nalo limechunguzwa. Mwaka 1998 Gary Wells na Amy Bradfield waliwaonyesha watu mkanda, wakawapa picha za kuchagua ambazo mhusika hakuwemo kabisa. Waliopongezwa baada ya kuchagua walianza kusema kwamba walikuwa na uhakika tangu mwanzo, na hata kwamba walikuwa wamemwona mtu yule vizuri zaidi. Nilipoisoma hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Neno moja la kutia moyo, tena limetolewa kwa wema, linarudi nyuma na kuwasha taa ambayo haikuwepo.

Ndiyo maana nikaenda Kariakoo.

Sasa kamera. Fundi alizifunga zote nne juu kabisa, chini ya dari, pembeni mwa kuta, "ili zimeze duka lote." Nikafurahi. Kwenye televisheni ndogo duka lote lilionekana, hadi vibiriti kwenye shelfu. Wiki ya pili nilimwomba msaidizi wangu avae kofia, aingie, anunue sukari, atoke. Nikaangalia rekodi. Niliona kofia inaingia, kofia inanunua sukari, kofia inatoka. Kama ningekuwa simjui, nisingeweza kumtambua.

Tatizo ni lenzi na mahali. Seti hizi karibu zote zinakuja na lenzi ya milimita 2.8, ambayo ni pana, inaona eneo kubwa na kuligawa vipande vidogovidogo. Kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi, EN 62676-4, toleo la mwaka 2015, kilitaka pikseli 250 (nukta ndogo zinazounda picha) kwa kila mita ili mtu usiyemjua atambulike bila shaka, na 125 ikiwa ni mtu ambaye ulishamwona. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya kwa 250: picha yako isizidi upana wa mita 7 na nusu hivi pale mtu aliposimama. Kwa lenzi ya 2.8 upana huo unaufikia umbali wa mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Zaidi ya hapo unachorekodi ni umbo la mtu. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyeniambia hivyo. Wote waliniambia "hii inavuta mita 30," na hizo 30 ni umbali ambao taa yake ya usiku inafika. Uso hauonekani mbali hivyo.

Nilichofanya: kamera moja niliishusha ikawa usawa wa uso, nyuma ya kaunta, mita 2 kutoka pale mteja anaposimama. Hiyo sasa ndiyo kamera yangu. Nyusi zinaonekana, kovu linaonekana, na hata ukivaa kofia inakuona kutoka mbele. Ya mlangoni niliibadilisha kwa yenye lenzi ya milimita 6, nikaongeza shilingi 55,000. Lenzi hiyo inaona eneo jembamba lakini uso unabaki na maelezo hadi kama mita 8. Mbili zilizobaki ziko juu kama fundi alivyoziweka, nazo nazihesabu kuwa za kuangalia mienendo tu: nani alisimama wapi, nani alitangulia.

Usiku mambo yanabadilika. Giza likiingia kamera hizi zinawasha mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, na picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Rangi za nguo unazoziona humo usiziamini hata kidogo. Vitambaa vingi vyeusi vya kiwandani vinaurudisha mwanga huo, kwa hiyo shati jeusi linaweza kutoka jeupe kabisa. Mwezi wa tano mtu alibeba katoni ya mafuta ya kula iliyokuwa kizingitini. Msaidizi wangu aliapa kwamba alivaa fulana nyekundu. Rekodi inaonyesha fulana nyeupe. Tungebishana mpaka asubuhi kama nisingekuwa nimeshajaribu na kanga na mashati yangu mwenyewe mbele ya kamera, nikayaona yanavyogeuka. Mpaka leo fulana ile sijui ilikuwa ya rangi gani, na kwenye maelezo niliandika hivyohivyo.

Tiba yake ni mwanga wa kawaida. Nimefunga balbu ya LED juu ya kaunta inayowaka usiku kucha, na kamera ya kaunta haigeuki tena kuwa nyeusi na nyeupe. Umeme ukikatika kuna UPS, yaani betri ya akiba, niliyonunua kwa 150,000, inabeba mashine, kamera na balbu hiyo kwa saa moja na nusu. Bila UPS msinunue kamera kabisa. Nilivamiwa umeme ukiwa umekatika, na sidhani kama waliokuja walikuwa hawajaona mtaa ulivyo gizani.

Diski ya terabaiti 1 kwangu inahifadhi siku 11, kisha inaanza kufuta za zamani. Siku 11 ni chache. Ukikaa na jambo wiki mbili ndipo uende kutoa taarifa, limeshafutika. Na saa ya mashine inapotea: yangu ilikuwa imechelewa dakika 9 baada ya miezi minne, bila mtu kuigusa. Dakika 9 kwenye kesi ya kijana wa Ifakara zingetosha kuleta maneno. Kila Jumatatu asubuhi nailinganisha na saa ya simu.

Kuna siku moja ambayo kwangu imeilipa seti nzima. Mteja, baba mtu mzima ninayemheshimu, alikuja kuweka pesa. Baada ya kuondoka akarudi, akasema, "Mama Nuru, nimekupa laki moja, wewe umeniwekea hamsini." Nilikumbuka wazi noti tano za elfu kumi. Nilizikumbuka zilivyokunjwa. Nilikuwa tayari kuapa. Nikamkaribisha nyuma ya kaunta tukaangalia pamoja. Noti kumi, zimekunjwa mafungu mawili. Fungu la pili nililisukumia kando wakati simu inaita, likaingia chini ya daftari la akiba. Tulilikuta palepale. Yule baba aliondoka amepoa, mimi nikabaki nimekaa kwenye stuli. Noti zile tano nilikuwa nimezihesabu kweli, na akili yangu ikajaza iliyobaki bila kuniomba ruhusa. Haikuwa usiku wala hapakuwa na panga, tena ilikuwa saa nne asubuhi.

Lakini kamera nayo msiigeuze kuwa shahidi asiyekosea. Hapa ndipo naomba wafanyabiashara wenzangu wanisikilize. Tumezoea kuchukua picha kwenye mashine na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Mnamjua huyu?" Ndani ya dakika kumi kuna majina matatu, na la nne lina namba ya simu. Kulinganisha sura ya mtu usiyemjua na picha ni kazi ngumu hata picha ikiwa nzuri. Mwaka 1997 watafiti nchini Uingereza waliwapa wahudumu wa malipo wa supamaketi kadi zenye picha ndogo ya mwenye kadi. Baadhi ya wanunuzi walipewa kadi zenye picha za watu wengine. Zaidi ya nusu ya kadi hizo za uongo zilipita, na mwenye kuileta amesimama hapo mbele ya mhudumu. Hao ni watu wa kaunta kama mimi, mwanga upo, hakuna anayewatisha. Sasa fikiria jirani anayetazama kwenye skrini iliyopasuka kivuli kilichorekodiwa mita 7 kutoka kwenye kamera, akiwa na kisa chake cha zamani na kijana fulani. Mtaani kwetu mtu akipigiwa kelele za mwizi huwa hapewi nafasi ya kuleta daftari la Ifakara.

Picha zangu zinakwenda polisi kwenye flashi, ninaandikishiana nao, na hazitoki njia nyingine. Na kabla ya kufungua mashine, mimi na msaidizi wangu tunakaa mbalimbali, kila mmoja na karatasi yake, tunaandika tulichokiona na tusichokiona. Mwanzoni tulikuwa tunakimbilia kuangalia video kwanza. Kisha nikagundua kwamba nikishaiona, naanza kusimulia mambo kutoka upande wa kamera, hata yale yaliyokuwa nyuma ya kisogo changu. Siwezi tena kutenganisha langu na lake.

Kwa nyota, naipa nne kati ya tano. Naipunguzia moja kwa lenzi isiyofaa, saa isiyotulia na diski ndogo. Kwa duka dogo mngeweza hata kuchukua kamera mbili tu badala ya nne, moja ya kaunta usawa wa uso na moja ya mlangoni yenye lenzi ya milimita 6, na pesa inayobaki muiweke kwenye UPS na diski ya terabaiti 2. Jumla yangu yote hadi leo, pamoja na balbu, imekuwa shilingi 853,000.

Yule kijana bado anaendesha bodaboda, kwenye kijiwe kilekile. Nilichomlipa kwa siku zile alizopoteza ni kati yangu na familia yake. Kwa muda mrefu alikuwa akipita njia nyingine. Mwezi uliopita aliingia dukani kutoa pesa, shilingi 15,000. Nikamwamkua, akaitikia. Wakati naandika mstari wake kwenye daftari, aliiona kamera ya kaunta.

"Inarekodi hii, mama?"

"Inarekodi, mwanangu."

Akavua kofia, akaitazama sawasawa kwa muda, kisha akachukua kalamu akaweka sahihi.